Prime ya Seachem na Maji ya Bomba ya Mwanza: Tathmini kwa Wafugaji wa Samaki wa Mapambo

Kwa mfugaji wa samaki wa mapambo anayetegemea maji ya bomba hapa Mwanza, Prime, dawa ya kuondoa klorini inayotengenezwa na kampuni ya Seachem ya Marekani, ni bidhaa nzuri inayofanya kazi yake ya msingi kwa uhakika, na hata hivyo si kila mtu anayehitaji kuinunua. Nimeitumia kwa muda wa kutosha katika matangi ya kioo yenye furu, samaki wa dhahabu na gapi, sambamba na fuwele za sodiamu thiosalfeti na ule utaratibu wa zamani wa kulaza maji kwenye ndoo. Tathmini hii inavigusa vyote vitatu, kwa kuwa dawa ya aina hii haiwezi kuhukumiwa mpaka ijulikane inakuja kuondoa kitu gani na kwa kiasi gani.

Maji yetu yanatoka ziwani. Yanavutwa Capri Point, na tangu mtambo wa Butimba uanze kazi yanavutwa huko pia, yanachujwa, yanatiwa klorini, kisha yanasukumwa hadi kwenye matangi ya vilimani ambako hushuka kuingia majumbani. Klorini hiyo ina kazi kubwa katika ukanda ambao kipindupindu kinafahamika vizuri, na hakuna mfugaji mwenye akili timamu atakayeomba ipunguzwe. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, na linaweka kikomo cha miligramu 5 kwa lita kwa ajili ya afya ya mnywaji. Samaki wako mbali sana na viwango hivyo. Mwaka 1984 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani liliweka kigezo cha kulinda viumbe wa maji baridi kuwa miligramu 0.011 kwa lita kwa wastani wa siku nne, na miligramu 0.019 kwa wastani wa saa moja. Maana yake ni kwamba kile kiwango cha chini kabisa kinachomhakikishia mtoto wako usalama wa maji ya kunywa ni karibu mara 18 ya kiwango ambacho samaki anaweza kukaa nacho bila madhara. Nimekutana na watu wanaosema kwamba maji yakifaa kwa binadamu yanafaa na kwa samaki, na takwimu hizo zinatosha kuwajibu.

Sababu iko kwenye mashavu ya samaki, yale matamvua mekundu anayovutia hewa. Utando wake ni mwembamba mno, na damu inapita karibu kabisa na maji. Klorini ni kemikali inayounguza kila kitu cha kikaboni inachokigusa, na ndiyo maana inaua vimelea. Ikifika kwenye matamvua inaunguza utando huo, samaki anatoa ute mwingi kujikinga, na ute huo huo unaziba njia ya oksijeni. Ndipo unapomwona akihema juu ya maji, akikimbia kama aliyeshtuliwa, au akilala chini huku mashavu yakifunguka na kufumba kwa kasi. Wengi hudhani ni ugonjwa na hukimbilia dawa za fangasi.

Madhara mengine hayaonekani siku hiyo. Kwenye chujio la tangi wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, ambayo hutokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki, kuwa naitraiti na baadaye naitreti. Klorini haijui tofauti kati ya bakteria hao na wale wa kipindupindu. Anayesuuza sponji ya chujio chini ya bomba lililo wazi, au kumwaga ndoo kadhaa za maji ya bomba moja kwa moja kwenye tangi, anaweza kuona samaki wake wamesalimika siku ile, kisha siku chache baadaye amonia ikapanda na vifo vikaanza bila yeye kuhusisha mambo hayo mawili. Kwa maoni yangu hasara hii ya pili ndiyo inayowakatisha tamaa wafugaji wengi wapya.

Kuna jambo jingine ambalo maelekezo ya kwenye chupa hayalielezi. Klorini ikikutana na amonia hugeuka kuwa kloramini, ambayo nayo ni sumu kwa samaki, na haitoki kwenye maji kwa urahisi kama klorini. Miji mingi ya Marekani huitengeneza kloramini kwa makusudi ili dawa idumu kwenye mabomba marefu. San Francisco, kwa mfano, ilihamia huko mwaka 2004. Ushauri mwingi unaosomwa na wafugaji wetu umeandikwa kwa ajili ya watu wa miji hiyo. Maji ya Mwanza yanatibiwa kwa klorini ya kawaida, lakini ukiyamwaga maji yenye klorini kwenye tangi lenye samaki wengi na amonia kidogo, unaitengeneza kloramini mwenyewe ndani ya tangi lako. Kwa hiyo, dawa yoyote utakayochagua, itie kwenye ndoo kabla maji hayajagusa tangi.

Sasa niizungumzie Prime yenyewe. Kipimo chake ni mililita 5 kwa lita 200, yaani nusu mililita kwa ndoo ya lita 20. Mtengenezaji anaeleza kwamba kila mzingo wa uzi ndani ya kifuniko unakaribia mililita 1, jambo linalosaidia kwa pipa kubwa, lakini kwa ndoo moja napendekeza bomba la sindano la mililita 1 kutoka duka la dawa, kwa kuwa kukisia nusu ya mzingo si kupima. Chupa ya mililita 100 inatosha lita 4,000. Mwenye tangi la lita 100 anayebadilisha robo ya maji kila wiki, akitibu ndoo zake pembeni, ataitumia kwa takriban miaka mitatu. Anayetia dawa moja kwa moja kwenye tangi anatakiwa kukadiria kipimo kwa ujazo wote wa tangi, si kwa maji mapya tu, hivyo atatumia mara nne ya kiasi hicho na chupa itamwishia ndani ya mwaka. Huo ni ushahidi mwingine wa kuipendelea ndoo.

Ukiifungua, inanuka kiberiti, harufu inayokaribia ya yai viza. Si dalili ya kuharibika. Ni harufu ya chumvi za salfa zinazofanya kazi. Nilipoyapima maji ya bomba kwa kipimo cha DPD, kile kinachogeuka rangi ya waridi panapokuwa na klorini, kisha nikayapima tena muda mfupi baada ya kutia dawa, rangi haikutokea. Hilo limerudiwa bila kubadilika, hata kwa maji yaliyotoka baada ya mgao kwisha, ambayo kwa kawaida hunuka dawa zaidi. Ni vyema kuongeza kwamba vipimo vya kawaida havioni chini ya takriban miligramu 0.1 kwa lita, ilhali samaki anaumia chini ya hapo, kwa hiyo maji yasiyo na rangi kwenye kipimo hayajathibitika kuwa salama. Usalama unatokana na kutia dawa inayotosha kiwango kikubwa kuliko unachotarajia. Vile vijikaratasi vya kupimia mabwawa ya kuogelea ni vya kukadiria tu, na sivipendekezi kwa kazi hii.

Pale ninapositasita ni kwenye dai la amonia. Maelezo ya bidhaa yanasema dawa hii, mbali na klorini na kloramini, inaifunga amonia isidhuru samaki kwa muda wa hadi saa 48 huku ikiiacha ipatikane kwa bakteria wa chujio. Wafugaji wamekuwa wakilibishania dai hilo kwa muda mrefu, na mimi sikuona sababu ya kulitegemea. Aliyejaza samaki kupita kiasi, au aliyenunua tangi leo na kuweka samaki kesho, asiichukulie chupa hii kuwa kinga. Kinachomfaa ni kubadilisha maji na kupunguza chakula. Zaidi ya hapo, baadhi ya vipimo vya amonia, hasa vile vya kemikali ya Nessler, hutoa majibu ya uongo maji yakiwa na Prime, na mtu anaweza kuona amonia kubwa isiyokuwepo, akaongeza dawa, na kuzidisha tatizo.

Kuzidisha kwenyewe si jambo la kupuuzwa hapa kwetu. Dawa za aina hii hufanya kazi kwa kuungana na klorini na kuiondolea nguvu, na zikikosa klorini ya kuungana nayo zinaweza kula oksijeni iliyomo majini. Ziwa letu liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu ya mwinuko huo maji ya Mwanza yenye nyuzijoto 25 hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko maji ya joto hilo hilo kule Tanga au Dar es Salaam. Samaki ambaye matamvua yake yameshaguswa na klorini anahitaji kila punje ya oksijeni. Mtengenezaji anaruhusu hadi mara tano ya kipimo kwa dharura, lakini mimi nashauri dharura hiyo isifanywe bila pampu ya hewa kuwaka, na umeme ukikatika, mimina maji kwa kikombe kutoka juu kwa dakika kadhaa mpaka samaki watulie.

Mshindani halisi wa Prime kwa mfuko wa Mwanza ni sodiamu thiosalfeti. Ni fuwele nyeupe angavu zinazouzwa na maduka ya kemikali za maabara, zile zile ambazo studio za picha zilitumia kugandisha picha kabla ya kamera za dijitali kuingia. Kwa hesabu ya kemia, takriban miligramu 7 za fuwele huondoa miligramu 1 ya klorini. Utaratibu ninaoufuata ni kuyeyusha gramu 10 kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha kutumia mililita 1 kwa kila lita 10, yaani mililita 2 kwa ndoo. Kipimo hicho kinatosha klorini ya takriban miligramu 1.4 kwa lita, na panapokuwa na harufu kali naongeza maradufu bila wasiwasi, kwa kuwa ziada ndogo ya thiosalfeti haidhuru samaki. Nusu kilo ya fuwele hutibu lita 50,000. Hakuna chupa yoyote ya dukani inayokaribia hesabu hiyo, na kwa mtu mwenye mabwawa ya saruji au mwenye kuzalisha vifaranga kwa ajili ya kuuza, Prime ni gharama isiyo na sababu. Udhaifu wake ni mmoja: ikivunja kloramini, inaiacha amonia ikiwa huru. Kwa maji yanayotibiwa kwa klorini peke yake, udhaifu huo hautusumbui sana. Mchanganyiko utunzwe kwenye chupa ya rangi ya kahawia iliyofungwa vizuri, na ukianza kuwa na ukungu mweupe umwagwe, kwani salfa imeanza kujitenga.

Wapo wanaotumia vidonge vya vitamini C. Kikemia wana haki, kwa kuwa asidi askobiki huondoa klorini, takriban miligramu 2.5 kwa miligramu 1. Vidonge vya kutafuna, hata hivyo, vina sukari, rangi na ladha ya chungwa, na sioni kwa nini vitu hivyo viingie kwenye tangi.

Kulaza maji ndiyo njia ya wengi, nayo inafanya kazi ikifuatwa ipasavyo. Klorini ya kawaida huruka yenyewe maji yakikaa kwenye chombo chenye mdomo mpana, kisichofunikwa, kwa saa 24 au zaidi. Jua na pampu ya hewa huharakisha. Tatizo ni kwamba watu huita kulaza maji hata kile kinachotokea ndani ya simtanki la juu ya paa. Simtanki limefunikwa, ni jeusi, halipati jua, na kila maji yanaporudi baada ya mgao linajazwa upya, kwa hiyo huwezi kujua maji unayoyachota yamelala tangu lini. Nyumba iliyo karibu na mtambo hupokea maji yenye klorini nyingi kuliko iliyo mwisho wa bomba, na kipindi ambacho ziwa lina mwani mwingi au mvua imeleta tope, klorini inayohitajika kuyatakasa maji hupanda. Ndoo iliyokuwa salama mwezi jana kwa jirani yako wa Igoma haiwi kipimo cha ndoo yako leo pale Isamilo. Maji ya boza ndiyo ninayoyahofia kuliko yote, kwani muuzaji anaweza kuyatia dawa kwa kukisia, na mnunuzi hajui.

Hofu kama hiyo inahusu dawa tunazotia wenyewe. WaterGuard na vidonge vingine vya kutibia maji ya kunywa ni klorini. Kidonge cha miligramu 67 kilichokusudiwa ndoo ya lita 20 huacha karibu miligramu 2 za klorini kwa lita, na vidonge hivyo vimeundwa ili klorini yake iachiliwe taratibu, hivyo kulaza usiku mmoja si dhamana. Kipindi cha tahadhari ya kipindupindu, wakati kila ndoo ya nyumbani inatiwa kidonge, ndoo ya samaki iwe na alama yake na kila mtu nyumbani ajue, hasa dada anayechota maji na watoto. Vivyo hivyo simtanki linaposafishwa kwa jiki: lisuuzwe mpaka harufu iishe, na maji ya kwanza yasifike kwenye tangi la samaki hata kama yametiwa Prime kwa kipimo cha kawaida.

Swali ninaloulizwa sana na watu wa Kirumba na Pasiansi ni kwa nini wasichote tu maji ya ziwani, ambayo hayana klorini kabisa na ndiyo maji ya furu kwa asili. Nalielewa, na kwa samaki jibu lake si baya. Kwa anayechota, ni baya. Konokono wanaobeba kichocho wamejaa kwenye fukwe zetu zenye majani, na vijidudu vyake vinapenya ngozi ya mguu uliosimama majini kwa dakika chache tu. Vijidudu hivyo hufa maji yakikaa siku moja hadi mbili bila konokono ndani yake, lakini kulaza ndoo hakumsaidii aliyekwisha kuingia majini kuijaza. Ukichota na magugu, unaleta konokono nyumbani pamoja na vimelea vya samaki wa mwituni. Ndoo ya maji ya bomba na nusu mililita ya dawa ni salama zaidi kwa kila aliye ndani ya nyumba.

Kwa wanyama wengine wa majini, kobe wa maji wanavumilia zaidi kwa kuwa wanavuta hewa kwa mapafu, ingawa klorini huwawasha macho na huua bakteria wa chujio lao kama kawaida. Chura ni kinyume: ngozi yake inapitisha maji, na anastahili uangalifu ule ule wa samaki. Kambamiti wadogo wa mapambo ni wepesi wa kuumia, nao wapewe maji yaliyotibiwa kabla ya kuingia, bila kusamehewa hata mara moja.

Hukumu yangu, basi, iko hivi. Mwenye tangi moja sebuleni, asiyetaka mizani wala hesabu, anunue Prime ya mililita 100, atumie bomba la sindano, atibu ndoo pembeni, na asahau dai la amonia. Mwenye matangi mengi au bwawa anunue fuwele. Asiye na hela ya vyote viwili alaze maji kwenye beseni pana kwa siku nzima, juani, mradi maji hayo hayakutiwa kidonge.

Wote watatu, hata hivyo, wajiepushe na vile vichupa vidogo visivyo na lebo vinavyomiminwa kutoka dumu kubwa nyuma ya meza katika baadhi ya maduka ya samaki. Nimeshaonyeshwa kichupa cha aina hiyo kisicho na jina la kemikali, kisicho na tarehe, na kipimo kikitajwa kwa mdomo kuwa "matone machache". Tone la chupa moja si tone la nyingine, na bila kujua mchanganyiko una nguvu kiasi gani hakuna kipimo kinachoweza kukadiriwa. Ninawaomba wauzaji, ambao wengi wao wanawapenda samaki kama sisi, wabandike japo kipande cha karatasi chenye vitu vitatu: jina la kemikali, gramu ngapi kwa mililita ngapi, na siku mchanganyiko ulipotengenezwa. Mteja akiyaona hayo anaweza kuhesabu mwenyewe, na muuzaji atakuwa na cha kumwonyesha samaki wakifa kwa sababu nyingine.